NANI HUMWELEZA MBUNGE?

Mada iliyotolewa mbele ya viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani waliokutana Mbebe, Wilaya ya Ileje



Ndugu wapendwa, wenyeviti wa vigango, makatekista, akina mama wa WAWATA, vijana, na ninyi ndugu wa madhehebu mengine mlioitikia mwaliko wetu:

Ilipoulizwa mkutano huu uzungumzie nini, wengi wenu mlitaka tuzungumze juu ya bei ya mahindi. Wengine mlitaka tuzungumze juu ya mashamba na mipaka. Sisi tumekuja na mada ambayo kwa masikio ya kwanza yaonekana iko mbali na hayo yote mawili, yaani namna watafiti na wataalamu wanavyowapa wabunge habari juu ya mambo makubwa ya nchi. Tunawaomba mtuvumilie. Hatukukusudia kuwatoa shambani wala ghalani, ila kuwaonyesha mlango ambao mambo ya shamba na ghala hupitia kabla hayajawa sheria.

Mfikirieni mbunge, yeyote yule, aketiye katika ukumbi wa Bunge kule Dodoma. Leo analetewa mswada wa mbegu, kesho wa bima ya afya, keshokutwa wa madini, na wiki ijayo bajeti ya Serikali nzima. Hakuna binadamu ajuaye mambo hayo yote. Aliyekuwa mwalimu anajua shule, aliyekuwa mfanyabiashara anajua soko, na aliyekuwa mkulima huenda amekwisha kusahau jembe. Kwa hiyo hana budi kumwuliza mtu. Nasi twauliza: huyo anayeulizwa ni nani, naye aliyajulia wapi hayo anayoyasema?

Ni nani hasa hao?

Wa kwanza ni Serikali yenyewe. Waziri aletapo mswada huja na wataalamu wa wizara yake, na mara nyingi hao ndio watu pekee ambao mbunge huwasikia kwa kirefu. Mswada ukisha kusomwa mara ya kwanza hupelekwa katika kamati ya Bunge inayohusika, na hapo kamati inaweza kuwaita watu kutoka nje: maprofesa, vyama vya wakulima, wafanyabiashara, wanasheria, na hata viongozi wa dini. Kamati yaweza pia kupokea maoni kwa maandishi. Ofisi ya Bunge nayo ina watumishi wake wa utafiti na wa sheria. Tena yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa yake ya kila mwaka huwekwa mezani Bungeni. Ile inayohusu halmashauri, na ya kwetu ikiwamo, huchambuliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa.

Kisha kuna taasisi za utafiti. Nyingi zilizaliwa katika miaka ya 1990, nchi ilipoacha siasa ya chama kimoja na uchumi wa kupangwa na Serikali. ESRF ilianzishwa mwaka 1993, na REPOA, inayochunguza umaskini, ikaanza kazi katikati ya miaka hiyo. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Sokoine vilikuwapo tangu zamani. Baadaye yakaja mashirika kama HakiElimu, na Twaweza iliyowapigia wananchi simu na kuwauliza hali yao. Tusifiche neno: nyingi za taasisi hizi zimeishi kwa fedha za wafadhili wa nje. Hilo peke yake si dhambi, lakini mwenye kulipa mpiga ngoma ana neno katika kuchagua wimbo, na yatupasa kulikumbuka kila tusomapo ripoti.

Katika kitabu cha Hesabu tunasoma kwamba Musa aliwatuma watu kumi na wawili waende kuipeleleza nchi ya Kanaani. Waliambiwa watazame udongo kama una rutuba au la, watu kama ni wengi au wachache, miji kama ina maboma. Huo ulikuwa utafiti, ndugu zangu, na wenye maswali mazuri kuliko mengi ya leo. Walitembea siku arobaini, wakaona nchi ile ile, wakarudi na kishada kile kile cha zabibu. Walakini kumi walileta taarifa moja na wawili wakaleta nyingine. Tofauti haikuwa katika macho yao. Kumi walikuwa wamepima hofu yao pamoja na nchi.

Hata katika historia yetu jambo hilo limetokea. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Jaji Francis Nyalali kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Yapata watu wanane katika kila kumi walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikayasikiliza yale ambayo hao wanane wenyewe walikuwa wakiyalalamikia, ikapima na hoja za wale wawili, ikashauri vyama vingi viruhusiwe, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kuna wanaosema mpaka leo kwamba Tume iliwapuuza wengi. Sisi tunaona ilifanya kazi ya mtaalamu, ambayo ni kuhesabu na kisha kupima. Lakini mtu aliyepewa mamlaka ya kupima anaweza pia kupunja, na kwa sababu hiyo mizani yake yapasa kuwekwa mahali ambapo wote wanaiona.

Tume ya Ardhi

Sasa tuje kwenye mashamba. Mwezi Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza mambo ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Migogoro ilikuwa imezidi. Watu waliohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa walikuwa wakidai mashamba ya zamani, wageni wenye fedha walikuwa wakipewa maeneo makubwa, wafugaji walikuwa wakifukuzwa. Tume ile haikukaa ofisini. Ilizunguka mikoani ikafanya mikutano ya hadhara, wanavijiji wakasimama wakasema, na maneno yao yakaandikwa. Mwishoni mwa 1992 ilikabidhi ripoti.

Wanavijiji walisema nini? Kwa ufupi, walisema kwamba ardhi huondoka mikononi mwao bila wao kuulizwa, na kwamba mwenye kuamua yuko mbali. Tume ikageuza kilio hicho kuwa pendekezo la sheria. Ilishauri kwamba ardhi ya kijiji iwe mikononi mwa Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji wakikaa pamoja, na ardhi ya taifa iwe chini ya bodi itakayowajibika kwa Bunge, badala ya yote kuwa chini ya Rais na watendaji wake.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya kusikilizwa na kufuatwa. Serikali haikulikubali shina la pendekezo lile. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 ilishikilia kwamba ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kazi ya kuandika rasimu ya sheria akapewa mtaalamu kutoka Uingereza, Profesa Patrick McAuslan, mtu aliyezijua vizuri sheria za ardhi za Afrika Mashariki. Rasimu yake ilikuwa ndefu sana, tena kwa Kiingereza. Mnaweza kufikiri wenyewe ni wabunge wangapi waliisoma mpaka mwisho, na ni wanavijiji wangapi kati ya wale waliosimama mikutanoni walioiona.

Lakini habari haikuishia hapo, na ndiyo sababu tunaisimulia. Baadhi ya wasomi waliokuwa karibu na Tume walianzisha mwaka 1994 taasisi ya HakiArdhi, wakaendelea kuieleza ripoti kwa lugha nyepesi. Wanasheria wanawake wa TAWLA, wakishirikiana na TGNP, TAMWA na wengine, waliona kwamba hata Tume ile nzuri haikumtazama mwanamke vya kutosha. Wakachukua rasimu, wakaichambua kifungu kwa kifungu, wakawaendea wabunge mmoja mmoja, hasa wabunge wanawake, na karatasi fupi mkononi. Bunge lilipopitisha mwaka 1999 Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, ambazo zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001, ndani yake mliandikwa kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kugawa ardhi ni sawasawa na ya mwanamume. Mliandikwa kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mliandikwa kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na kati yao wasiopungua watatu ni wanawake.

Tuseme basi kwamba shina la pendekezo lilikatwa lakini matawi yakabaki. Mkutano Mkuu haukupewa umiliki, bali ulipewa sauti. Kuna mipaka pia: eneo linalozidi hekta 250 likitakiwa kutolewa katika ardhi ya kijiji, mwenye kauli ya mwisho ni Waziri, ingawa Mkutano Mkuu ni lazima kwanza utoe maoni yake. Mtu akiwaambia kwamba kijiji hakina neno, anawadanganya, na mtu akiwaambia kwamba kijiji kina neno la mwisho siku zote, huyo naye anawadanganya.

Tena tuongeze jambo la uchungu kidogo. Kifungu kile kinachozuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi peke yake kilitoka katika vinywa vya wanavijiji, kikapita kwa Tume, kikapita kwa wanasheria, kikapita Bungeni, kikarudi kijijini. Safari ya miaka minane. Na katika vijiji vingapi vya wilaya yetu Mkutano Mkuu huitishwa, watu wakakosa kufika, na Halmashauri ikagawa peke yake kama zamani?

Mahindi na ushuru

Wilaya yetu inapakana na Malawi kwa Mto Songwe, na Tunduma ni mlango wa Zambia. Mahindi kwetu ni ada ya shule, ni paa la bati, ni mahari. Mnakumbuka mwezi Juni 2017, Serikali ilipotangaza marufuku ya kupeleka mahindi nje ya nchi, ikisema wafanyabiashara wasage na kupeleka unga. Ilikuwa ndiyo kwanza tunavuna. Mnakumbuka pia bei ilivyoanguka katika nyanda zetu za juu kusini, mpaka gunia likawa halilipi gharama ya mbolea iliyolizaa. Baadaye marufuku iliondolewa, lakini aliyekuwa na deni alikuwa amekwisha kuuza.

Tuwatendee haki walioamua. Mwanzoni mwa mwaka ule mvua zilikuwa zimekosekana mahali pengi, na bei ya chakula mijini ilikuwa imepanda. Mtawala anayeona watu wa mjini wakikosa ugali ana sababu ya kuogopa. Lakini wataalamu wa uchumi wa kilimo walikuwa wamekwisha kuandika kwa miaka mingi, maana marufuku kama hizo zilikuwa zimewekwa na kuondolewa mara kadhaa kabla ya hapo. Walionyesha kwamba marufuku humwumiza mkulima mara moja, faida yake kwa mlaji ni ndogo na ya muda, na mahindi huendelea kupita kwa njia za panya huku tofauti ya bei ikiingia mifukoni mwa wachache. Ujuzi huo ulikuwapo katika makabati. Ila marufuku ile ilikuwa tangazo la Serikali, haikupita Bungeni kama mswada, na kwa hiyo hapakuwa na kamati ya kumwita mtafiti wala mkulima. Tukizungumza juu ya wataalamu na wabunge, lazima tukumbuke kwamba mambo mengi yanayotugusa hayafiki kabisa mbele ya wabunge.

Mwaka ule ule 2017 ulikuwa na habari njema pia. Ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri, ambao kwa miaka mingi ulifikia asilimia 5, ulishushwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukaachiliwa. Jambo hili lilipita Bungeni pamoja na bajeti. Nyuma yake kulikuwa na tafiti za muda mrefu juu ya kodi za halmashauri, kuanzia zile zilizochunguza kodi ya maendeleo, ambayo wazee wetu waliiita kodi ya kichwa na walikimbizana na mgambo kwa ajili yake mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Watafiti waliuliza swali ambalo mgambo hakuliuliza: kwa kila shilingi inayokusanywa, ngapi zinaliwa na kazi ya kuikusanya? Nalo jibu liliwaaibisha wengi.

Hatusemi utafiti peke yake ndio uliofuta kodi ya kichwa. Wanasiasa walijua kodi hiyo inachukiwa, na mbunge husikia vizuri zaidi uchaguzi unapokaribia. Pia halmashauri zilipoteza fedha, nasi tukawa wa kwanza kulalamika zahanati haina dawa. Lakini mbunge aliyekuwa na tarakimu mkononi alikuwa na nguvu kuliko aliyekuwa na manung'uniko tu.

Makosa yetu wenyewe

Sasa tunaomba ruhusa ya kuungama hadharani. Miaka michache iliyopita tulikuwa nyumbani kwa mzee mmoja wa jumuiya, walipofika vijana wawili wa utafiti wenye vishikwambi. Waliuliza kwa adabu: watoto wangapi, ng'ombe wangapi, ekari ngapi. Mzee akasema ana ekari mbili. Sisi tulijua ana saba, maana tulizibariki mbegu zake. Vijana wakaandika, wakashukuru, wakaondoka. Tulipomtazama akatabasamu akasema: "Baba, anayeuliza ekari leo, kesho huja na stakabadhi." Nasi hatukumkemea. Tulicheka, tukanywa chai yake, tukaenda zetu.

Yule mzee hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa amefundishwa na miaka mingi ya kodi na michango kwamba karatasi ni mtego. Lakini Serikali iliporudisha ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023, wakulima waliandikishwa pamoja na ukubwa wa mashamba yao, ili kila mtu apate kadiri ya shamba lake. Mzee akaogopa kwamba vitabu vitalinganishwa, akaandika ekari mbili tena. Akapata mbolea ya ekari mbili. Tano zilizobaki alizilima kwa kumwomba Mungu.

Kuna na uongo wa upande wa pili. Akisikika mtu wa mfuko wa kusaidia kaya maskini, wenye nyumba za matofali hukumbuka ghafula kwamba ni maskini. Matokeo yake ni kwamba kile kinachofika Dodoma kama hali ya kijiji chetu ni picha ya watu wasiokuwapo. Kisha barabara, ghala na zahanati hupangwa kwa ajili ya watu hao wasiokuwapo, na sisi tuliopo tunashangaa.

Watafiti nao wana makosa yao, tena makubwa. Mwaka 1983 Mwingereza Robert Chambers aliandika kitabu kuwashtaki wataalamu wenzake kwamba huja vijijini wakati wa kiangazi, hushika njia za magari, huongea na viongozi na wanaume, na huondoka kabla ya jua kuchwa. Aliyeko bondeni wakati wa masika hawamjui. Hapa Tanzania, katika miaka ya 1970, mwanamke kutoka Ufini, Marja-Liisa Swantz, na wenzake walijaribu njia nyingine katika mradi wa Jipemoyo upande wa Bagamoyo. Waliishi na watu, na wanakijiji wenyewe wakawa wachunguzi wa mambo yao. Tunataja hayo ili akija mtafiti kwenu na kuketi kwa mtendaji tu, mjue kwamba hata vitabu vya kwao vinamhukumu. Mwambieni kwa upole apande na mlima.

Zaidi ya yote, watafiti wengi huchukua bila kurudisha. Ni wangapi kati yenu mmewahi kuulizwa maswali? Tunaona mikono mingi. Na ni wangapi mmewahi kuletewa majibu? Naam.

Dhahabu, na taarifa ya viongozi wa dini

Wengine mnaweza kuuliza kanisa lina kazi gani na mambo haya. Mwaka 2008 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Jumuiya ya Kikristo Tanzania na BAKWATA, yaani Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu kwa pamoja, walitoa ripoti juu ya dhahabu ya nchi hii. Iliandikwa na Mark Curtis, mtafiti wa Uingereza, na mwanasheria Tundu Lissu. Viongozi wa dini hawakuwa na ujuzi wa kupima madini, wakatafuta wenye ujuzi huo. Ripoti ilionyesha jinsi sheria na mikataba ilivyoiacha nchi na fungu dogo. Mrabaha wa dhahabu wakati ule ulikuwa asilimia 3, nao ulihesabiwa baada ya kampuni kutoa gharama fulani.

Wakati huo huo kamati ya Jaji Mark Bomani, iliyoundwa na Rais Jakaya Kikwete mwishoni mwa 2007, ilikuwa ikichunguza jambo lile lile, na ndani yake mlikuwamo wabunge. Sheria mpya ya Madini ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 4, ukihesabiwa kwa thamani ghafi. Mwaka 2017 ukapanda kuwa asilimia 6. Hatujivuni kwamba ripoti ya viongozi wa dini ndiyo iliyofanya hayo, kwa maana walisema wengi. Tunachosema ni kwamba waamini Wakristo na Waislamu walikuwa na karatasi mezani, na hoja zao hazikuweza kutupwa kama kelele za mtaani.

Lakini hizo sheria za 2017 zina somo la pili. Miswada mitatu juu ya rasilimali za nchi ililetwa Bungeni kwa hati ya dharura mwishoni mwa Juni, na mwanzoni mwa Julai ikawa imepitishwa. Inawezekana mengi yaliyomo yalikuwa mema, nasi wenyewe tuliyafurahia mengine. Ila sheria ya mambo mazito inapopita katika siku chache, mtafiti hana muda wa kusoma, mwananchi hana muda wa kusikia, na mbunge hupiga kura kwa imani. Imani ina mahali pake, nasi ndio wahubiri wake, lakini si mahali pa kusoma vifungu.

Mwaka uliofuata, 2018, Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Wasomi walinyamaza kwa hofu, na Benki ya Dunia ikasema wazi kwamba haikubaliani. Mwaka 2019 adhabu hizo ziliondolewa. Twaikumbusha habari hii kwa kuwa kwa muda wa miezi ile Bunge lilikuwa na hatari ya kusikia sauti moja tu, ya yule anayejipima mwenyewe.

Lugha

Mpaka mwaka 2021 wabunge wetu walijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwaka huo sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria. Ni hatua kubwa, lakini ripoti za utafiti zingali nyingi kwa Kiingereza, tena Kiingereza kigumu cha wataalamu. Ripoti juu ya mkulima wa Ileje inaweza kusomwa na mwanafunzi wa London kabla ya mkulima mwenyewe. Sisi tunaona hilo ni suala la haki, sawa na suala la mipaka ya shamba. Kilichochukuliwa kwa Kiswahili, pengine kwa Kindali au Kilambya, kirudishwe kwa lugha ambayo mwenyewe anaielewa. Vijana wetu waliosoma wangeweza kuifanya kazi hiyo jioni, katika jumuiya, kurasa mbili kwa wakati.

Tumezungumza kirefu kuliko tulivyokusudia, na tunanusa chakula cha akina mama. Mambo machache ya utaratibu. Tumemwachia katibu wa Haki na Amani nakala ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na kila jumuiya ndogo ndogo itaisoma kwa zamu, ikianza na kifungu cha 8, juu ya idhini ya Mkutano Mkuu, na cha 60, juu ya Baraza la Ardhi. Mswada wowote unaogusa kilimo au ardhi ukitangazwa, katibu ataleta habari kanisani, nasi tutaandika maoni ya ukurasa mmoja kwa Katibu wa Bunge, yakiwa na sahihi na idadi halisi ya watu waliokubaliana. Tunasisitiza neno halisi. Mtafiti atakayefika kigangoni aulizwe kwanza jina la taasisi yake, ana kibali gani, nani anamlipa, na majibu yatarudi lini. Akijibu vizuri, apewe kiti na ukweli.

Sasa ni zamu yenu. Yupo mama aliyenyoosha mkono tangu tulipotaja habari ya ekari. Aanze yeye.